Ngozi ya Mninga

Mwaka 1988, nikiwa mwalimu mjini Tanga, nilikubaliana na fundi seremala mmoja anitengenezee kabati la vyombo. Bei ilikuwa shilingi 9,000. Theluthi mbili nitangulize, na iliyobaki nimalizie siku ya kulipokea. Neno tulilopatana lilikuwa moja tu: kabati la mninga. Hatukuandikiana. Mtu na fundi wa mtaani kwake, wanaosalimiana kila asubuhi, huandikiana nini?

Kabati lilipofika juu ya mkokoteni, majirani walitoka kulitazama. Milango yake miwili ilikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia na dhahabu iliyopanda kutoka chini, ikapinda, ikakutana katikati, mlango wa kulia ukawa sura ya mlango wa kushoto kama inavyoonekana kwenye kioo. Mke wangu alisema ni kipepeo amekunjua mabawa. Nami nilifurahi, mpaka pale mchukuzi alipoligonga kwenye fremu ya mlango wa nyumba. Kipande kisichozidi ukucha kikabanduka penye pembe, na chini yake nikaona mbao nyingine, nyeupe-nyeupe, zilizolala tabaka juu ya tabaka. Plaiwudi.

Nakiri kwamba kilichoniuma zaidi ni majirani. Laiti tungekuwa wawili tu, huenda ningesema kwa taratibu. Nilisema kwa sauti: "Fundi, nilitaka ng'ombe, umeniuzia ngozi." Akajibu, "Mwalimu, ubao wa namna ile nilikuwa nao mmoja tu." Nikamwambia sikumuuliza habari za ubao mmoja. Akarudia maneno yale yale, kwa sauti ndogo kuliko mara ya kwanza. Shilingi 3,000 zilizobaki, ambazo zilizidi mshahara wangu wa mwezi, nikazikatalia. Akakunja kamba zake, akamlipa mchukuzi kwa fedha zake mwenyewe, akaondoka. Jioni ile niliwaambia waliokuwapo barazani kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na wakacheka.

Kabati nililibakiza. Lipo hadi leo.

Sikujua wakati ule kwamba jambo lile lina jina na lina historia. Mafundi wa viwandani huliita vinia: ubao uliochanwa mwembamba, wakati mwingine kama karatasi ngumu, ukabandikwa kwa gundi juu ya mbao nyingine ili uonekane wenyewe na kuficha ulio chini. Nilipostaafu nikaanza kusoma habari zake, kwanza kwa nia ya kujithibitishia kwamba nilidhulumiwa. Msomaji ataona kwamba nia ile haikufika mbali.

Kazi hii ni ya kale mno. Misri ya Mafarao ilikuwa nchi yenye dhahabu nyingi na miti haba. Mitende na mikuyu haitoi mbao nzuri za samani. Mierezi ililetwa kutoka Lebanoni, na mbao nyeusi zilitoka kusini, nchi za Nubia na Punt. Kitu kinachotoka mbali namna ile hakikatwi ovyo. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose wa Tatu, aliyeishi katika karne ya 15 kabla ya Kristo, ukutani wamechorwa maseremala wakiwa kazini, na chungu cha gundi kikichemka motoni. Na kaburi la kijana Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, lilikutwa na masanduku yaliyovikwa vipande vyembamba vya mbao nyeusi na pembe za ndovu. Hapana shaka mfalme hakuona kwamba amepunjwa.

Mbao nyeusi ile Wamisri waliiita kwa neno ambalo wataalamu huliandika hbny. Wagiriki wakalichukua, Waarabu wakawa nalo, na kwa Waarabu likatufikia sisi tulioko pwani: abunusi. Neno hilo limezunguka miaka zaidi ya elfu tatu. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba wanaozichunguza mbao zile za makaburini wanasema mti wenyewe, kwa sehemu kubwa, si mwingine bali ni mpingo, huu huu wa Lindi na Kilwa ambao Wamakonde huuchonga. Neno limerudi nyumbani kwa mti wake kwa njia ya mzunguko, na likakuta mti una jina jingine.

Hapa inafaa nieleze jambo la ufundi, maana bila hilo habari yote haieleweki. Ubao haufi baada ya kukatwa. Huvuta unyevu masika na kuutoa kiangazi. Hutanuka na kusinyaa, na hufanya hivyo kwa upana wake, karibu si kwa urefu kamwe. Ndiyo sababu meza ya mbao nene iliyotengenezwa kwa pupa, mbao zikiwa mbichi, hupasuka katikati au kupinda kama ukindu. Tena, mbao zenye marembo mengi kuliko zote, zile za kwenye vinundu vya mti, za panda ya matawi, za mizizini, ndizo zenye nyuzi zilizovurugika kuliko zote, na ndizo mbovu kabisa kwa kubeba uzito. Ukizitumia nene zitajinyonga. Ukizichana nyembamba na kuzibandika juu ya mbao tulivu, zinatulia. Kwa maneno mengine, kuna mbao ambazo uzuri wake hauwezi kukaa nyumbani mwa mtu ila kwa njia ya ngozi.

Lakini ngozi nayo ina sheria yake. Gundi inapokauka huivuta, na ngozi huuvuta ubao uliobandikiwa. Ukibandika upande mmoja tu, mlango utajikunja kama mkono unaojaribu kukinga maji. Basi fundi anayejua kazi hubandika pande zote mbili, mbele na nyuma, ili zivutane sawasawa.

Siku niliyosoma hayo niliinuka nikaenda kwenye kabati, nikaondoa vikombe, nikafungua mlango wa kushoto na kuutazama kwa ndani, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1988 nikiutazama kwa nia ya kuona. Mlango ulikuwa umevikwa mninga kwa ndani pia. Haukuwa wenye maua. Ulikuwa mninga wa kawaida, umenyooka, umepigwa msasa na kutiwa vanishi kama wa mbele. Mtu anayetaka kuficha haendi kuvika mahali ambapo hakuna wa kumficha. Nikarudisha vikombe mahali pake na sikumwambia mtu.

Nirudi kwenye historia. Waroma ndio walioanza lawama, nao walikuwa na haki ya kulaumu kwa kuwa walizidisha. Matajiri wao walishikwa na wazimu wa meza za mti uliotoka milima ya Atlasi, Afrika ya Kaskazini, hasa za vinundu vya mizizi yake, vyenye madoa kama ngozi ya chui. Plinio Mkubwa, aliyekufa katika mlipuko wa mlima Vesuvio mwaka 79, ameandika kwamba Cicero alinunua meza moja ya aina hiyo kwa sesterti 500,000, na meza hiyo ilikuwa bado ipo zama za Plinio mwenyewe. Huyo Plinio alinung'unika juu ya vinia pia. Kwa maneno yangu, anasema watu wamebuni njia ya kuuza mti mmoja mara nyingi, kwa kuuchana na kuufanya gamba la miti ya bei rahisi. Nilipofika hapo nilijiona nimepata wakili. Nikasoma mbele zaidi, na wakili akaniacha: kinachomchukiza hasa ni anasa, kwamba watu hawatosheki na miti, wakatafuta hadi magamba ya kasa wa baharini ili kuipamba. Kuhusu fundi kumdanganya mnunuzi hakuwa na shida kubwa. Wanunuzi wake walijua vizuri wanachonunua, nao ndio waliokitaka.

Baada ya Roma kuanguka ufundi huu ulififia Ulaya, ukaja kushamiri tena zilipofunguliwa njia za merikebu. Katika karne ya 17 mbao nyeusi kutoka Madagaska, Mauritius na nchi za Mashariki zilianza kufika Antwerpen, Amsterdam na Paris. Zilikuwa ghali, nzito, ngumu na zenye kupasuka. Mafundi wakaona njia bora ni kuzichana. Pale Paris likazaliwa jina: seremala wa mbao nene akaitwa "menuisier," na yule anayebandika ngozi za mbao akaitwa "ébéniste," yaani mtu wa abunusi. Tazama jinsi neno letu lilivyochipua upande wa pili. Tena tazama ni yupi kati yao aliyepewa jina la mti wa thamani. Chama cha mafundi kilifika mahali, katikati ya karne ya 18, kikawataka mafundi wakuu wagonge muhuri wa majina yao kwenye kazi zao, na mihuri hiyo mpaka leo hutafutwa chini ya meza na nyuma ya droo. Kazi ya kubandika, basi, ilikuwa ya kuwekea jina.

Kuna meza moja ya kuandikia iliyotengenezwa kwa ajili ya Mfalme Louis wa Kumi na Tano wa Ufaransa. Jean-François Oeben aliianza mwaka 1760, akafa mwaka 1763 kabla ya kuimaliza, na Jean-Henri Riesener, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana yake, akaikamilisha mwaka 1769. Ipo Versailles. Karibu kila sehemu yake ya mbao imevikwa vipande vilivyokatwa kwa namna ya maua, vitabu na vyombo vya elimu, mbao za rangi mbalimbali zikiingiana kama mkeka. Ilichukua miaka tisa na ikapita mikono ya mabwana wawili. Ninapofikiria ile pembe ya mlango wangu iliyobanduka, hujiuliza kama yupo aliyewahi kumwambia Riesener kwamba amemuuzia mfalme ngozi. Nadhani hakuwapo.

Ngozi hizo za zamani zilichanwa kwa mkono. Gogo lilisimamishwa likabanwa, watu wawili wakauvuta msumeno huku na huku, na kila ngozi ilikuwa na unene wa milimita mbili hivi. Kazi ya siku nzima ilitoa majani machache. Ngozi zinazofuatana katika gogo moja zina marembo yanayofanana, na ukizifungua kama kurasa mbili za kitabu, upande mmoja huwa kioo cha mwenzake. Hivyo ndivyo alivyopatikana yule kipepeo wa mke wangu. Fundi wangu alikuwa amechukua ubao wake mmoja, akauchana kwa msumeno wa mkono, kwa ubavu wake, majani membamba kama sarafu mbili zilizopangwa pamoja. Msomaji ambaye hajawahi kushika msumeno ajaribu kukata ubao wa mninga kwa namna hiyo walau kwa urefu wa shubiri, kisha aseme.

Aibu ya vinia ililetwa na mashine. Mwaka 1806 Marc Isambard Brunel, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, alipata hataza ya mashine ya kuchana vinia kwa msumeno wa duara, na akajenga kiwanda Battersea, ukingoni mwa mto Thames. Kiwanda kiliungua mwaka 1814 kikajengwa upya, na mwenyewe mwaka 1821 alitiwa gerezani kwa sababu ya madeni. Msumeno wake ulikuwa wa haraka, ila ulikula mbao nyingi na kuzigeuza unga. Baadaye katika karne hiyo hiyo visu vikachukua nafasi: gogo lilichemshwa au kutiwa mvuke mpaka likalainika, kisha likakatwa na kisu kirefu bila unga wowote, au likazungushwa mbele ya kisu, likamenywa mfululizo kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Kutoka milimita mbili tukafika nusu milimita. Kilichokuwa cha wafalme kikawa cha makarani. Hapo ndipo neno lenyewe likageuka kuwa tusi katika Kiingereza. Charles Dickens, katika riwaya yake ya mwaka 1864 na 1865, aliwapa watu wake wenye fedha mpya na samani mpya jina la ukoo lililotokana na vinia, na wasomaji wake walielewa mara moja. Nami naona kwamba watu hawakuanza kuidharau ngozi ilipokuwa ya uongo. Waliidharau ilipokuwa rahisi.

Sisi wa pwani hatukuwa na desturi hiyo. Milango ya Lamu na Zanzibar huchongwa katika mbao nene, na urembo huingia ndani ya mti. Jicho letu limefundwa hivyo, na hapo ndipo ilipotoka hasira yangu ya mwaka ule. Lakini tusijitoe kabisa. Ndovu waliouawa bara, na pembe zao zikabebwa na wapagazi hadi Bagamoyo na kuvushwa Zanzibar, walikwenda kuwa ngozi. Katika vijiji viwili vya jimbo la Connecticut, Marekani, Deep River na Ivoryton, pembe hizo zilikatwa vibapa vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo zipate kuwa nyeupe, kisha zikabandikwa juu ya vibonye vya mbao vya piano. Kila kibonye cheupe kilivikwa vipande viwili, na ukitazama kwa makini piano ya zamani utauona mstari wa kiungo. Fundi wa vinia hutumia kidogo ili kitu kisiishe. Mtu wa piano alitumia kidogo kwa kila kibonye, na bado ndovu walikwisha, kwa kuwa piano hazikuwa na mwisho. Unyembamba peke yake hauokoi kitu.

Somo hilo hilo tulilipata hapa Tanga, kwa miti. Plaiwudi ile nyeupe-nyeupe niliyoidharau ilikuwa ya kiwanda cha mjini kwetu, na magogo yake yalishuka kutoka Usambara Mashariki. Mti uliopendwa sana kwa kumenywa ni mtambara, mrefu, ulionyooka, jamaa ya mkungumanga, na hauoti mahali pengi duniani zaidi ya milima yetu hii ya mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Ufini, mashine kubwa ziliingia msituni na magogo yakateremka kwa wingi. Wataalamu wa mimea na viumbe wakapiga kelele, mito inayoinywesha Tanga ikaanza kufikiriwa, na kabla muongo ule haujaisha ukataji wa kibiashara ukasimamishwa. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kwa hiyo kabati langu ni ngozi ya mti mmoja wa thamani juu ya mwili wa mti mwingine wa thamani, na mimi niliyekuwa nikijiona nimepunjwa nilikuwa nimekalia yote mawili.

Novemba 2022, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Panama kuhusu biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mininga ya Afrika iliingizwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa sharti iwe na kibali. Na mkongo na mkangazi pia. Maelezo ya orodha hiyo yanataja magogo, mbao zilizopasuliwa, plaiwudi, na vinia kwa jina lake. Nilipopata habari hizo nikakumbuka: "ubao wa namna ile nilikuwa nao mmoja tu." Mwaka 1988 mimi nilidhani mtu anatoa udhuru.

Nisiseme kwamba fundi hakuwa na kosa. Angeniambia mapema. Neno "kabati la mninga" mimi nililielewa kwa namna moja naye kwa namna nyingine, na mwenye kujua tofauti hiyo alikuwa yeye. Siku hizi madukani zinauzwa kabati zenye picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya em-di-efu, na muuzaji anakuapia kuwa ni "rangi ya mninga". Huyo naye anajua tofauti. Ila huyo hajachana kitu kwa mkono, wala hajavika upande wa ndani.

Fundi alifariki nikiwa nimehamishiwa wilaya nyingine. Mazishi yake nilisimuliwa. Mwaka 2023 nilikwenda kwenye karakana yake, ambayo sasa ni ya mwanawe. Nilikuwa na bahasha. Nilikuwa nimehangaika siku nyingi na hesabu: shilingi 3,000 za wakati ule, leo hazinunui hata nusu kilo ya nyama, basi mtu alipe ngapi? Nikatia kiasi nilichoona hakinipi usingizi mzuri sana wala mbaya sana.

Akanipa shikamoo, akanipa kiti. Nikamweleza yote, pamoja na majirani na yale maneno ya ng'ombe. Akasikiliza huku anafuta randa kwa kitambaa. Kisha hakuigusa bahasha, akauliza, "Kabati lenyewe lipo, Mwalimu?" Nikasema lipo. Akasema angependa kuliona.

Alikuja Jumamosi. Alipitisha vidole juu ya milango, akabisha hodi kwa kifundo cha kidole, shubiri kwa shubiri, akisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Mahali pamoja, chini ya mlango wa kulia, sauti ikabadilika. Ngozi ilikuwa imeanza kuinuka. Akaingiza gundi kwa kisu chembamba, akaweka karatasi, akakandamiza kwa pasi ya moto, akafunga kwa jiliwa. Ile pembe iliyobanduka aliijaza kwa kibapa cha mninga alichokuja nacho mfukoni, akakichagua mara tatu mpaka mchirizi ulipokaa sawa na mwenzake. Alipofungua mlango na kuona upande wa ndani alitulia kidogo, akaufunga.

Nikaitoa tena bahasha. "Mzee," akasema, "hesabu za baba alikuwa nazo mwenyewe. Mimi nakudai ya leo." Akataja elfu ishirini. Nilimlipa kabla hajakunja vifaa vyake.